Mbwa anayemeza asichopaswa kumeza

Msomaji mmoja wa Bamburi ameniandikia hivi: "Daktari, shikamoo. Mbwa wetu ana miaka mitatu, ni mchanganyiko wa Labrador na mbwa wa kawaida, na ndiye mlinzi wa nyumba. Mwaka jana alipasuliwa tumbo akatolewa soksi ya mtoto na kokwa la embe. Tukadhani amekoma. Tangu hapo amekwishameza kokoto, kipande cha leso yangu, na wiki hii nimemkuta ameitafuna rimoti ya televisheni. Kila akiokota kitu watoto humkimbiza kwa kelele, na baba yao akimkamata humpanua mdomo kwa nguvu akakitoa. Mchana tunamfunga mnyororo nyuma ya nyumba, usiku tunamwachia. Anakula ugali na makombo, na anakula sana, lakini amekonda. Mume wangu amechoka, anasema tumpe mtu wa shamba huko Kilifi. Je, tabia hii ina dawa?"

Marahaba, dada yangu. Kabla hujaendelea kusoma, ifungue hiyo rimoti uhesabu betri. Ikikosekana hata moja, au zikiwepo zote lakini moja imetobolewa kwa jino, liweke jibu hili kando umpeleke mbwa kwa daktari leo hii, hata kama anatikisa mkia na anaomba chakula. Betri za rimoti hubeba kemikali inayochoma kama magadi makali ya kutengenezea sabuni, na vidonda vyake mdomoni na kooni huweza kuchukua nusu siku kabla ya kujitokeza. Zile ndogo bapa zilizo mfano wa sarafu, ambazo siku hizi zimo katika saa, funguo za gari na vitu vya kuchezea watoto, ni hatari zaidi, kwa sababu ikikwama moja kooni huweza kuanza kuunguza nyama kabla hata nusu saa haijatimia. Aliyemeza betri hatapishwi, kwa maana kemikali iliyounguza ikishuka itaunguza tena ikipanda.

Nikichukulia kwamba betri zote zipo na nzima, tuingie katika swali lenyewe. Hali ya mnyama kula kwa kurudiarudia vitu visivyo chakula madaktari huiita kwa neno la Kilatini, pica, na wengi wetu tumeiona kwa binadamu pia, kwa mama mjamzito anayetamani udongo hadi akaununua sokoni. Hali hii si ugonjwa unaojitegemea bali ni dalili, na dalili hiyo moja inaweza kutoka kwenye njaa, minyoo, upungufu wa damu, maradhi ya tumbo, upweke, hofu, au mazoea yaliyokwisha kuwa mnyororo wa pili shingoni. Ndiyo maana upasuaji wa mwaka jana uliitoa soksi ukaiacha sababu palepale. Dawa ipo, lakini haipatikani kwa kumeza kidonge kimoja, na sehemu yake kubwa haitakuwa juu ya mbwa. Itakuwa juu ya nyumba yenu.

Neno lililonisimamisha katika barua yako ni dogo: amekonda. Labrador na machotara wake wanajulikana kwa ulafi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha mwaka 2016 kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne ana hitilafu katika jeni iitwayo POMC, ambayo humfanya mbwa awe na hamu ya chakula kupita kiasi. Ungeniambia kwamba mbwa wako ni mnene kama pipa, ningeishia hapo kwanza. Lakini mbwa mwenye hitilafu hiyo hunenepa, na wako anakula sana huku mbavu zinahesabika, kwa hiyo chakula kinaingia bila kumfaa, au kuna mwingine anayekila humo ndani kabla yake.

Hapa kwetu pwani mshukiwa wa kwanza ni minyoo ya safura. Mchanga wenye unyevu na joto ndio nyumba yao, hung'ang'ania kwenye utumbo wakinyonya damu, na mbwa aliyepungukiwa damu hulamba kuta, hula udongo na hutafuna mawe. Mshukiwa wa pili ni kupe, ambao huacha kwenye damu vimelea vya maradhi yanayoweza kujificha kwa miezi mingi huku mbwa akidhoofika polepole bila homa ya kuonekana. Mfunue mdomo wa juu kwa upole akiwa ametulia, utazame ufizi. Ukiwa na rangi ya waridi, vizuri. Ukiwa mweupe kama karatasi au wa manjano, usisubiri miadi. Mshukiwa wa tatu ni kongosho lisilotoa vimeng'enya vya kutosha kusaga chakula. Mbwa wa namna hiyo hula bila kushiba, hutoa kinyesi kingi, laini, cha rangi hafifu na chenye mafuta, na hutibika kwa unga wa vimeng'enya unaochanganywa kwenye kila mlo kwa maisha yake yote. Yapo na mengine, kama kisukari na maradhi ya ini, ambayo daktari atayapitia. Mweleze pia kama mbwa anatumia dawa yoyote, kwa kuwa prednisoloni, inayotolewa sana kwa miwasho ya ngozi, na fenobabitali, inayotolewa kwa kifafa, zote mbili huchochea njaa kali.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kliniki. Beba kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye kikopo chenye kifuniko, uombe kipimwe, na damu ipimwe. Hakikisha anayemhudumia amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, kwa kuwa kuna watu wengi wanaozunguka na mikoba ya sindano wakiitwa daktari, na mbwa aliyekwisha pasuliwa tumbo mara moja, mwenye makovu ndani, hataki mtu wa kubahatisha. Dawa ya minyoo apewe kwa uzito wake, irudiwe kila miezi mitatu au kama daktari atakavyopanga. Watoto wasicheze pekupeku pale anapojisaidia, kwa sababu viluwiluwi vya safura ya mbwa hupenya ngozi ya binadamu na kuchora mistari inayowasha, ambayo watu wa ufukweni wanaijua sana.

Nitoke kidogo nje ya swali lako, kwa ajili ya wasomaji wengine. Mbwa wako ana tabia hii tangu mwaka jana, kwa hiyo silihofii hili kwake, lakini mbwa ambaye hakuwa na mazoea hayo, kisha ghafla akaanza kutafuna mawe, miti na matambara, akabadilika sauti, akadondosha mate, akawa mkali au akajificha gizani, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mbwa huyo asipanuliwe mdomo na yeyote kwa kudhani ana mfupa kooni; wapo waliokufa kwa huruma hiyo. Afungiwe mahali bila kuguswa, na daktari wa mifugo aitwe. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, aoshe pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu hauna tiba. Kenya imejiwekea lengo la kuutokomeza kwa binadamu ifikapo 2030, na njia kuu ni chanjo ya mbwa kila mwaka. Kama kadi ya mbwa wako imepitwa na tarehe, safari hiyohiyo ya kliniki ikamilishe hilo.

Juu ya chakula nitasema machache. Ugali na makombo hujaza tumbo bila kujenga mwili. Mpe milo miwili kwa siku, kwa saa zisizobadilika, na ugali uchanganywe na dagaa waliochemshwa bila chumvi, au matumbo na maini yaliyopikwa, pamoja na mboga kidogo. Kama uwezo upo, chakula cha mbwa cha dukani kilicho kamili ni rahisi zaidi kupima. Mifupa iliyopikwa usimpe kabisa, kwa kuwa hupasuka vipande vikali. Vitunguu maji na vitunguu saumu vinavyobaki kwenye mchuzi huharibu damu yake, na makombo ya biriani yamejaa vyote viwili. Ukiyarekebisha haya na minyoo ikatoka, huenda nusu ya tatizo ikaondoka yenyewe ndani ya wiki sita.

Nusu inayobaki ndiyo ninayotaka kuiandikia kwa urefu, kwa sababu umeieleza wewe mwenyewe bila kuitilia maanani. Mbwa wako hushinda kutwa nzima kwenye mnyororo nyuma ya nyumba, hana la kufanya wala wa kumtazama, na mbele yake pana kokoto. Mbwa huijua dunia kwa mdomo kama sisi tunavyoijua kwa mikono. Ukimfungia mtoto wa miaka mitatu kwenye chumba chenye mawe tu, atacheza na mawe. Kisha jioni anaokota soksi, na mara nyumba nzima inaamka: watoto wanapiga kelele, wanakimbia, baba anatoka, kila jicho liko kwake. Kwa mbwa aliyeshinda peke yake, hiyo ni sherehe. Amejifunza kwamba njia ya hakika ya kuwapata nyote kwa pamoja ni kuweka kitu mdomoni.

Halafu linakuja la pili, ambalo ni baya zaidi. Sherehe hiyo huishia kwa mtu mzima kumpanua taya kwa nguvu. Mbwa hajui kwamba mnamwokoa. Anachojua ni kwamba kitu chake kinanyang'anywa. Na ufumbuzi alioupata ni mwepesi: akimeza upesi, hakuna wa kumnyang'anya. Mbwa wengi huokota vitu na kuvitafuna kisha wakavitema. Wanaovimeza vizima mara nyingi ni wale waliokimbizwa. Sisemi hivi kuwalaumu, kwa kuwa yeyote anayempenda mnyama wake angekimbia vivyo hivyo, lakini kila mbio mlizomkimbiza zilikuwa somo, na mwanafunzi wenu amefuzu.

Kuanzia leo asikimbizwe tena. Badala ya kunyang'anya, mtabadilishana. Weka kopo la dagaa wakavu karibu na mlango wa jikoni, na kopo jingine uani, mahali pa juu. Akiokota kitu, usipige kelele wala usimkodolee macho; lichukue kopo, ulitikise, utupe dagaa watatu au wanne chini, hatua chache kando yako. Akiachia kitu na kuja kula, endelea kudondosha mmoja mmoja ukimvuta mbali, na mtu mwingine akiokote kile kitu bila haraka. Hiyo ni ya dharura. Mafunzo yenyewe hufanywa kwa utulivu, dakika tano asubuhi na tano jioni, kwa kutumia kitu salama ambacho hakiwezi kupita kooni, kama mpira mgumu uliozidi ukubwa wa mdomo wake. Anaushika, unasema "Toa" mara moja tu, unamwekea dagaa puani. Akifungua mdomo anapewa, na baada ya kula anarudishiwa mpira wake. Usilisahau hilo la kurudisha. Ndilo linalomfundisha kwamba kuachia si kupoteza, na bila hilo unakuwa umebadilisha aina ya unyang'anyi tu. Baada ya wiki mbili au tatu neno litatangulia na dagaa atafuata. "Acha" hufundishwa vivyo hivyo, kwa dagaa aliyefumbatwa kiganjani, na mbwa hulipwa pale anapoondoa pua yake kwenye ngumi, akilipwa kwa mkono mwingine.

Mafunzo yafanywe na mtu mzima mmoja kwanza. Watoto kazi yao iwe kuita mkubwa, basi. Najua pia kwamba katika nyumba nyingi za hapa Mombasa wanaofuga mbwa wa ulinzi huona uzito kugusa mate yake, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafi mahali palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Masuala ya twahara nawaachia masheikh, ila nitasema kwamba njia ya kubadilishana haimtaki mtu atie mkono kwenye mdomo wa mbwa hata mara moja, na kwa usalama wa vidole pia ndiyo njia bora.

Wakati huohuo uwanja usafishwe, kwa maana mafunzo huchukua miezi na kokwa la embe huchukua sekunde. Nikianza na hilo kokwa, msimu wa maembe ndio msimu wa upasuaji. Kokwa lina utelezi, hupita kooni bila shida, kisha hukwama kwenye utumbo mwembamba, na katika eksirei mara nyingi halionekani wazi kama unavyoonekana msumari au kokoto, kwa hiyo mweleze daktari unachokishuku badala ya kusubiri picha iseme. Gunzi la mahindi ya kuchoma ni ndugu yake. Vijiti vya mishikaki ni vibaya kuliko vyote viwili, kwa kuwa vinanukia nyama, humezwa vizima, na hutoboa tumbo. Kijiti huweza kusafiri mwilini kwa wiki kadhaa kabla ya kujitokeza kama jipu ubavuni. Makumbi ya nazi, kamba zake na makuti yaliyoanguka huvimba na kufungamana tumboni. Misumari ya mabati ina zinki, ambayo asidi ya tumbo huiyeyusha ikaingia kwenye damu na kuvunja chembe nyekundu. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na hilo ni nafuu kubwa kwa matumbo ya mbwa na mbuzi wetu, lakini magunia ya plastiki yaliyofumwa bado yapo kila pembe, na nyuzi zake ni balaa.

Juu ya nyuzi nikae kidogo, kwa sababu umetaja leso. Kitambaa kinachofumuka, uzi wa kushonea, mshipi wa kuvulia samaki na utepe wa zawadi hufanya kazi moja. Ncha moja hushikwa chini ya ulimi au tumboni, nyingine hushuka, na utumbo katika kuisukuma hujikunja juu ya uzi kama nguo iliyovutwa rinda, hadi uzi ukaanza kuukata kama msumeno. Ukiuona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute hata kidogo. Usiukate pia ukaacha kipande kirudi ndani. Mpeleke kama alivyo.

Mkienda ufukweni, mwende naye akiwa kwenye kamba fupi, kwa kuwa pale maji yanapoacha takataka ndipo zilipo ndoana zenye chambo, na huweza kuwapo samaki bunju aliyekauka, ambaye sumu yake hulemaza misuli ya kupumua na haina kiuasumu. Chingamu zisizo na sukari, ambazo watafunaji wa miraa na wengine huzitupa barabarani zikiwa bado na utamu, mara nyingi zina ksilitoli, kitia-utamu cha badala ya sukari, inayoteremsha sukari ya damu ya mbwa ndani ya nusu saa hadi saa moja na huweza kuharibu ini.

Kwa matembezi hayo ningependa avishwe kikapu cha mdomoni, yaani kile kifunikio cha plastiki au waya chenye nafasi, ambacho mbwa anaweza kuhema, kunywa maji na kupokea dagaa akiwa nacho. Kile cha kitambaa kinachofunga taya kabisa usikinunue. Mbwa hujipoza kwa kuhema, hana jasho la kumsaidia kama sisi, na katika joto la Mombasa mdomo uliofungwa huweza kumuua kabla kokoto halijapata nafasi. Mzoeshe polepole kwa siku kumi au zaidi: kwanza kikapu ni sahani anayolia ndani yake, baadaye kamba hufungwa kwa nukta chache, baadaye dakika. Asiachwe nacho peke yake, wala asilale nacho usiku wa ulinzi.

Mnyororo nakuomba uuache. Kama hana budi kuzuiliwa mchana, mzungushieni sehemu ya uwanja yenye kivuli, sakafu ya simenti iliyofagiliwa na maji ya kutosha, isiyo na kokoto hata moja. Ndani ya hapo mpe kazi. Mlo wa asubuhi usitiwe kwenye bakuli akaumaliza kwa nukta ishirini. Utawanywe kwenye sinia kubwa lenye masufuria madogo yaliyofunikwa kifudifudi, ayanuse na kuyafunua moja moja. Watu hushauri chakula kitawanywe nyasini, na kwa mbwa wengine ni ushauri mzuri, lakini kwa wako ni kumfundisha kusaga mchanga. Mpira mgumu wenye tundu, ukishindiliwa ugali na dagaa kisha ukagandishwa kwenye friji, humshughulisha nusu saa nzima na kumpoza. Kifuu cha nazi hakifai, hupasuka. Vipande vya tairi havifai pia, ingawa nimewaona watu wengi wakivitumia. Atembezwe alfajiri na baada ya magharibi, kabla lami haijawa moto au ikishapoa, walau nusu saa kila mara, na aruhusiwe kunusa anavyotaka.

Namna ya kujua kama tumefika kwenye hali ya kulazimika, ile ambayo mbwa hawezi kujizuia, ni kumwangalia akiwa ameshiba na ametulia. Ukimwekea nyama upande mmoja na kitambaa upande mwingine, akachagua nyama, bado yuko katika njaa, uchovu wa upweke na mazoea, na yote niliyoyaeleza yatamfaa. Akiiacha nyama akakifuata kitambaa, au akila ukuta hata nyumba ikiwa imejaa watu wanaocheza naye, hapo daktari anaweza kufikiria dawa za kupunguza wasiwasi kama fluoksetini au klomipramini. Dawa hizi hazifanyi kazi usiku mmoja; huhitaji wiki nne hadi nane kabla ya kuonyesha matunda, na bila mafunzo na uwanja safi hazifiki mbali. Vidonge vya namna hiyo vilivyoandikiwa binadamu asipewe kwa kukisia.

Likitokea tena, kwa sababu huenda likatokea, tazama saa. Daktari anaweza kumtapisha kwa sindano kwa mafanikio ikiwa hazijapita saa mbili hivi tangu ameze, na baada ya hapo nafasi hupungua. Nyumbani msimtapishe. Maji ya chumvi, ambayo bado yanasifiwa mitaani, yameua mbwa kwa kupandisha chumvi ya damu. Maziwa na mafuta ya kupikia hayavunji sumu wala hayalainishi njia ya kokwa, na mbwa anayelazimishwa kuyanywa huweza kuyavuta mapafuni. Chukua kipande kilichobaki cha kitu alichokitafuna, uandike saa, umpigie daktari ukiwa njiani. Kama hukumwona akimeza, dalili za kuziba ni kutapika kwa kurudiarudia hadi maji hayakai, kukataa chakula, kujikamua bila choo, na kusimama makalio juu na kifua chini kama anayesujudu, kwa maumivu ya tumbo. Soksi huweza kukaa tumboni wiki nyingi bila fujo, kisha ikasogea siku moja ikaziba, kwa hiyo kimya cha siku tatu si cheti cha afya. Tafuta leo namba za madaktari wawili na uulize ni yupi anayepokea usiku, na wenzako wa Likoni waulize pia kama kuna aliye upande wao, maana feri haimsubiri mgonjwa.

Kuhusu kumpeleka Kilifi, simwoni mumeo kuwa mkatili. Amelipa gharama za upasuaji na anaogopa wa pili. Lakini shamba lina kamba, misumari, sumu ya panya, dawa ya kuoshea mifugo na makokwa yasiyohesabika, na kumkabidhi mtu mbwa huyu bila kumwambia kila ulichoniandikia mimi si haki kwake wala kwa mbwa. Mwambie pia jambo ambalo wenye mbwa wa ulinzi hulisahau: mlinzi anayemeza kila kilicho mbele yake ni mlinzi ambaye mwizi anaweza kumlaza kwa pande moja la nyama yenye sumu lililorushwa juu ya ukuta. Mbwa aliyefundishwa kula kwenye sinia lake tu na kuacha anapoambiwa ana nafasi kubwa zaidi ya kuiona asubuhi.

Muombe miezi mitatu. Tundika daftari jikoni, na kila mbwa anapookota kitu kiandikwe kitu gani, saa ngapi, nani alikuwa nyumbani, na aliachia au alimeza. Baada ya wiki nne nitumie kurasa hizo pamoja na majibu ya kinyesi na damu. Nikiona kwamba mengi hutokea kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, wakati yuko peke yake, nitakuwa na neno tofauti la kukuambia kuliko nikiona yanatokea watoto wakirudi kutoka shule.